Starling: Mgunduzi wa homoni aliyeugua saratani ya utumbo

ERNEST Henry Starling alijipatia sifa kwa kuchunguza utumbo, na ni utumbo uo huo uliokuja kumletea maradhi.

Alizaliwa jijini London, Uingereza, Aprili 17, 1866, akasomea udaktari katika Hospitali ya Guy's. Mshirika wake mkuu katika utafiti alikuwa William Bayliss, ambaye alimwoa dada yake, Gertrude, mwaka 1893.

Enzi hizo, wataalamu wengi walimfuata Ivan Pavlov wa Urusi, wakiamini kuwa neva pekee ndizo huliamrisha kongosho kutoa majimaji ya kumeng'enya chakula. Mnamo Januari 16, 1902, mashemeji hao walikata neva za sehemu ya utumbo mwembamba wa mbwa aliyetiwa dawa ya usingizi, kisha wakatia asidi humo. Kongosho lilitoa majimaji kama kawaida. Ndipo walipokwangua utando wa ndani wa utumbo, wakausaga pamoja na asidi, wakauchuja na kudunga mchujo huo mshipani. Majimaji yakatoka tena.

Ilidhihirika kwamba utumbo hutuma ujumbe kupitia damu. Mjumbe huyo waliita sekretini. Mwaka 1905, Starling alianza kutumia neno homoni, linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea. Mwaka uo huo, John Edkins alitangaza kugundua gastrini, homoni ya tumbo inayochochea utoaji wa asidi.

Mnamo 1920, Starling alipasuliwa kutokana na saratani ya utumbo mpana. Afya yake ilidhoofika, lakini hakuacha utafiti. Alifariki Mei 2, 1927, akiwa melini karibu na Kingston, Jamaica, akazikwa huko. Hakuwahi kutunukiwa Tuzo ya Nobel.

Hakuishi kuona yaliyofuata. Miongo mingi baadaye, watafiti walibaini kuwa gastrini huchochea pia ukuaji wa seli za utando wa tumbo. Progastrini, yaani malighafi ambayo mwili huikatakata kupata gastrini, nayo huchochea seli za utumbo mpana kuongezeka. Baadhi ya uvimbe wa saratani hujitengenezea malighafi hiyo. Panya waliokuwa nayo kwa wingi walipata uvimbe zaidi walipopewa kemikali za kusababisha saratani.

Kwa hivyo, wajumbe aliowapa jina Starling hawaamrishi umeng'enyaji pekee. Wengine huweza kuulisha ugonjwa ule ule uliomlaza kitandani.