Ernst May na Jumba la Wakulima wa Kahawa

Mtu anayepita Ngong, Ongata Rongai au Kitengela leo hawezi kukosa kuyaona majumba ya ghorofa yaliyojipanga kando ya barabara, maduka yakiwa chini na ofisi juu. Tumeyazoea kiasi cha kutojiuliza ni akina nani waliotangulia kujenga namna hii katika Afrika Mashariki. Makala haya yanadhamiria kumwangazia mmoja wao, Ernst May, msanifu aliyekuwa na ofisi yake Nairobi, mwendo mfupi kutoka vilima vya Ngong.

May alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 27 Julai 1886. Kati ya 1925 na 1930 alisimamia ujenzi katika jiji hilo, na zaidi ya nyumba 10,000 zikajengwa. Baadhi yazo ziliundwa kwa vibamba vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, kisha vikaunganishwa mahali pa ujenzi. Mnamo 1930 alikwenda Muungano wa Kisovieti kupanga miji ya viwanda. Alipotaka kuondoka huko, mwaka 1933, Wanazi walikuwa wametwaa madaraka kwao, nao walimchukia yeye na usanifu wake. Hakuwa na pa kurudi.

Mwaka 1934 aliwasili Tanganyika, akawa mkulima karibu na Arusha. Hata hivyo, jembe halikumsahaulisha kalamu. Mnamo 1937 alihamia Nairobi na kurejea katika usanifu. Vita Kuu vya Pili vilipozuka, serikali ya Kiingereza ilimweka kizuizini kwa kuwa alikuwa Mjerumani. Alipoachiliwa, aliwazia tena vibamba vyake vya zege, safari hii vya kutundikwa kwenye fremu ili nyumba za bei nafuu zijengwe upesi. Mbinu hiyo haikuenea.

Kazi iliyodumu ni ile ya Moshi. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilihitaji makao makuu, na May akapewa kazi ya kuyasanifu. Jumba hilo, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1950, lilikusanya maduka, ofisi na malazi ya wageni chini ya paa moja.

Ni vyema tufafanue ugumu wa jengo la aina hii. Duka lahitaji nafasi pana isiyokatwa na kuta, ilhali juu yake kuna ofisi nyingi zenye uzito. Suluhisho ni kiunzi cha zege lililotiwa nondo: sakafu huukabidhi mzigo kwa mihimili, mihimili kwa nguzo, na nguzo kwa msingi. Ukuta hubaki pazia tu. Kwa hiyo mwenye jengo aweza kuubomoa ukuta wa aina hiyo na jengo lisitikisike, lakini akiigusa nguzo amegusa uhai wa walio juu.

Aidha, hatupaswi kumsifu May bila kumhakiki. Mpango wake wa kuipanua Kampala, alioutayarisha mwaka 1945, uliwatenga wakazi kwa misingi ya rangi, kama watawala walivyotaka. Mtu aliyefukuzwa na ubaguzi wa kwao alikubali kuchora mipaka ya ubaguzi wa wengine. Huo ni ukinzani ambao maisha yake hayakuutatua. Ni bayana, hata hivyo, kwamba kule Moshi hali ilikuwa tofauti. Waliomlipa walikuwa wakulima Waafrika, nao walitaka jumba la fahari katikati ya mji wakiwa bado chini ya utawala wa kikoloni. Kahawa yao ndiyo iliyogeuka kuwa zege.

May alirudi Ujerumani katikati ya miaka ya 1950, akashiriki kupanga mitaa mipya ya makazi, na akafariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970. Jumba la Moshi lingali limesimama.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa May, mwenyeji alipona pale tu alipokuwa na sauti juu ya kinachojengwa. Wanaojenga leo Ngong na Kitengela hawana mkoloni wa kuwaamulia. Wana nafasi ya kuamua wenyewe kama nguzo zao zitasimama muda mrefu kama zile za wakulima wa kahawa.