McCarthy: Seneta aliyemng'oa rais bila kumshinda

ALIPOTANGAZA mnamo Novemba 30, 1967 kwamba angekabiliana na Rais Lyndon Johnson wa Marekani katika kura za mchujo za chama chao cha Democratic, vigogo wa chama walimwona Seneta Eugene McCarthy kama mtu anayetwanga maji kinuni.

McCarthy alizaliwa Machi 29, 1916 mjini Watkins, jimbo la Minnesota. Alikaribia kuwa mtawa wa Kikatoliki, akafundisha, kisha akachaguliwa katika Bunge la Wawakilishi mwaka wa 1948 na Seneti miaka kumi baadaye. Alikuwa mpole, msomi na mtunzi wa mashairi.

Mwaka wa 1964, sawa na takriban maseneta wote, aliunga mkono azimio lililompa Johnson idhini ya kupigana Vietnam. Lakini majeneza yalivyozidi kurejeshwa nyumbani, alisadiki kuwa vita hivyo havikuwa vya haki. Seneta Robert Kennedy, aliyeombwa kwanza kumkabili rais, alisita. McCarthy akakubali.

Vijana wa vyuo vikuu walinyoa ndevu na kupunguza nywele ili wasiwatishe wazee, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba katika baridi ya New Hampshire. Mnamo Machi 12, 1968, Johnson alipata asilimia 49 ya kura, McCarthy 42. Ushindi huo wa rais ulikuwa mchungu kama shubiri. Siku nne baadaye Kennedy naye alijitosa ulingoni, na Machi 31 Johnson akatangaza kwamba hangewania tena.

Hata hivyo, McCarthy hakula tunda la jasho lake. Kennedy aliuawa Juni. Agosti, huku polisi wakiwacharaza waandamanaji katika barabara za Chicago, wajumbe walimpa tiketi Makamu wa Rais Hubert Humphrey, ambaye hakuwa ameshiriki mchujo wowote. Novemba, Richard Nixon wa Republican akashinda.

Ghadhabu ya Chicago ilikilazimu chama kubadilisha kanuni zake. Kuanzia 1972, wajumbe wengi walipatikana kupitia kura za wanachama, wala si kwa matakwa ya vigogo.

McCarthy aliondoka Seneti mwaka wa 1971, akawania urais tena bila kufua dafu, na kufariki Desemba 10, 2005 akiwa na umri wa miaka 89. Ikulu hakuingia, lakini alidhihirisha kwamba chama si mali ya rais.