Wangari Maathai: Miche ya kwanza ilimfia, akaanza upya

Waulize wazee wa Kinubi, watakuambia Kibra maana yake ni msitu. Naam, hii hii Kibera ya mabati na nyaya za stima. Na kabla dunia imjue Wangari Maathai, mradi wake wa kwanza wa miti ulianza kwa sababu ya watu wa huku.

Alizaliwa 1 Aprili 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Mamake alimkataza kuokota kuni kwenye mugumo uliokuwa karibu na kwao, maana huo ulikuwa mti wa Mungu. Hapo karibu palikuwa na kijito. Wangari akaenda Marekani kusoma, akarudi, na 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu. Aliporudi kijijini baadaye, mugumo ulishakatwa na kijito kimekauka. Kumbe ule mwiko wa wazee ulikuwa sera ya kulinda maji, ila hakuna aliyeiandika.

Mwaka wa 1974 mumewe, Mwangi Mathai, aligombea ubunge wa Lang'ata, eneo ambalo enzi hizo lilikuwa na Kibera ndani yake. Aliahidi watu kazi, akashinda. Wangari ndiye aliyeibeba ile ahadi. Akaanzisha kampuni ya kuwaajiri maskini wapande miti na kutunza bustani za matajiri. Mwaka wa 1975 akapeleka miche kwenye maonyesho ya kilimo pale Jamhuri, katikati ya Kibera na Kawangware. Lakini pesa ziliisha, miche ikakosa maji, ikakauka. Mradi ukafa.

Wengi wangeachia hapo. Yeye, 5 Juni 1977, akapanda miti saba Kamukunji, kwa heshima ya mashujaa wa jamii mbalimbali, wakiwemo Mekatilili wa Menza na Gor Mahia. Hapo ndipo Green Belt Movement ilipoanzia. Safari hii alibadilisha kitu kimoja: akina mama walilipwa kwa mche uliopona, si kwa shimo lililochimbwa. Malipo ya mwanzo yalikuwa kama senti 4 za dola kwa mche.

Mambo hayakuwa rahisi. Talaka ya 1979 ilimuumiza hadharani, naye akaongeza "a" moja kwenye jina la mume, likawa lake. Mwaka wa 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na jumba halikujengwa. Januari 1999 alipigwa hadi akapasuka kichwa akitetea Karura isigawiwe mabwanyenye.

Halafu upepo ukageuka. 2002 akachaguliwa mbunge wa Tetu, 2003 akawa waziri msaidizi wa mazingira, 2004 akatuzwa Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Akiwa bungeni ikapitishwa Sheria ya Misitu ya 2005, iliyowaruhusu wakazi kuunda vyama na kusimamia misitu pamoja na serikali. Katiba ya 2010 nayo ikaitaka nchi iwe na miti kwenye asilimia 10 ya ardhi, angalau.

Lakini Prof hakuwa mtu wa kuhesabu miti tu. Alipinga mikaratusi kwenye vyanzo vya maji kwa sababu inakunywa sana, akataka miti ya kienyeji irudishwe. Leo serikali inalenga miti bilioni 15 kufikia 2032. Idadi tamu hiyo, ila mkaratusi na mugumo zote zinahesabiwa moja.

Alifariki 25 Septemba 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, kwa hivyo jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugumaji.

Msitu wa Ngong Road uko pua na mdomo na Kibera, na kutoka Kawangware unafika kwa miguu. Siku ukipewa mche huko, kabla ya kupiga picha, uliza mambo mawili: huu ni mti gani, na mwezi ujao nani atautilia maji?