Alfred Russel Wallace na Ndege wa Bacan

Je, umepata kujiuliza kwa nini ndege fulani huishi katika kisiwa kimoja au viwili tu, wala hapatikani pengine duniani? Soma habari za mtu aliyelitafutia jibu swali la namna hiyo.

Alfred Russel Wallace alizaliwa tarehe 8 Januari, 1823, huko Wales, Uingereza. Wazazi wake hawakuwa na mali, hivyo aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 hivi. Alimsaidia kaka yake kupima ardhi, na katika kazi hiyo akaanza kuchunguza mimea na wadudu.

Mwaka 1848 alikwenda katika misitu ya mto Amazon, Amerika ya Kusini, kukusanya ndege na wadudu. Aliporejea mwaka 1852 meli yake iliungua baharini, na karibu vyote alivyokusanya vikateketea. Alikaa ndani ya mashua siku 10 kabla ya kuokolewa. Usidhani kwamba alikata tamaa! Mwaka 1854 alisafiri tena, akaenda kwenye visiwa ambavyo vingi vyao leo ni nchi ya Indonesia. Alikaa huko miaka minane.

Mwaka 1856 Wallace alifika Bali na Lombok. Visiwa hivyo viko karibu karibu, lakini ndege wao si sawa. Wa Bali hufanana na ndege wa Asia, bali Lombok wamo wanaofanana na wa Australia. Mapema mwaka 1858 aliandika maelezo ya jinsi viumbe wanavyobadilika. Viumbe wa aina moja hawalingani. Wenye maumbile yanayofaa mazingira yao huishi na kuzaa, na wengine hufa. Baada ya vizazi vingi hutokea aina mpya. Charles Darwin alikuwa amefikia wazo hilohilo, na maandishi ya wote wawili yalisomwa London tarehe 1 Julai, 1858.

Mwezi Oktoba mwaka huo, Wallace akiwa kisiwani Bacan, msaidizi wake Ali, kijana wa Sarawak, alimletea ndege kutoka msituni. Alikuwa ndege wa peponi ambaye Wallace hakupata kumwona. Dume lake lina kifua cha kijani king'aacho. Katika kila bawa huota manyoya mawili meupe, marefu, ambayo huyasimamisha kama bendera ili kumvutia jike. Ndege huyo aliitwa kwa jina la Wallace, ingawa aliyemleta ni Ali. Huishi Bacan na visiwa vichache vya jirani tu.

Wallace alifariki tarehe 7 Novemba, 1913, akiwa na umri wa miaka 90.

Sasa fikiri: misitu ya visiwa hivyo ikikatwa yote, ndege huyo atahamia wapi?

Kazi ya kufanya: Chunguza ndege mmoja wa mahali unapoishi. Andika rangi yake, umbo la mdomo wake na chakula chake. Eleza jinsi mdomo huo unavyomfaa.