Sultani Barghash na kimbunga kilichoigeuza Zanzibar

Sultani Barghash bin Said alikuwa ametawala Zanzibar kwa mwaka mmoja na nusu tu wakati kimbunga kilipoipiga Unguja, tarehe 15 Aprili 1872. Siku hiyo moja ilimpokonya meli zake, na ikakiondolea kisiwa takriban theluthi mbili ya mikarafuu na minazi yake. Hakuna aliyemwonya, kwa sababu hapakuwa na njia ya kumwonya. Miaka 16 ya utawala iliyomsalia ilibeba alama ya siku hiyo.

Barghash alizaliwa mnamo mwaka 1837, mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar. Mama yake alikuwa Mhabeshi. Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki dunia baharini akirejea kutoka Oman, na Barghash alikuwa pamoja naye melini. Baada ya kufika Unguja, kijana huyo aliuzika mwili wa baba yake usiku, kwa siri, akijaribu kukitwaa kiti kabla habari hazijaenea. Hakufaulu. Aliyetawazwa ni Majid, ndugu yake kwa baba.

Mwaka 1859 alijaribu tena, safari hii kwa silaha. Dada zake walimuunga mkono, miongoni mwao Bibi Salme, aliyekuwa akimwandikia barua za siri. Uasi huo ulizimwa kwa msaada wa wanamaji wa Uingereza, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay kwa takriban miaka miwili. Huko aliona mji wenye reli, mitambo ya uchapaji na bandari iliyojaa meli za moshi. Majid alipofariki Oktoba 1870, aliyekuwa mwasi ndiye aliyerithi kiti.

Zanzibar aliyoirithi ilitegemea mambo mawili: karafuu, zilizolimwa na watumwa, na forodha ya bandari, iliyotoza ushuru kwa pembe za ndovu na kwa watumwa waliotoka bara. Mwezi wa Aprili ndio wakati ambapo kaskazi imekwisha na kusi inaanza kuvuma, na majahazi hujikusanya bandarini yakisubiri upepo wa kuyarudisha Arabuni na Bara Hindi. Kimbunga kiliikuta bandari katika hali hiyo.

Wazee wa Unguja hawakuwa na sababu ya kukitazamia. Vimbunga vya Bahari ya Hindi hupata nguvu ya kuzunguka kutokana na mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo hupungua kadiri mtu anavyoikaribia Ikweta. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa mstari huo, na kwa kawaida dhoruba kama hizo huishia Msumbiji, Madagaska na Mauritius. Manahodha wa wakati ule walikuwa na barometa, ambayo zebaki yake hushuka dhoruba inapokaribia, lakini ishara hiyo huja saa chache tu kabla ya upepo wenyewe. Haikuwapo simu ya upepo iliyoiunganisha Zanzibar na nchi yoyote. Hata serikali ya London ilipata habari za maafa hayo kwa barua zilizosafiri baharini kwa majuma kadhaa.

Upepo ulipotulia, meli na majahazi vilikuwa vimetupwa ufukweni au vimezama, na katika mashamba ya Unguja miti iliyochukua miaka mingi kukua ilikuwa imelala chini. Pemba, kisiwa cha jirani, kilisalimika kwa sehemu kubwa.

Bara nako masika ya mwaka huo yalikuwa ya maafa. Msafiri Henry Morton Stanley, ambaye Novemba 1871 alikuwa amelala Mugere, kusini mwa Bujumbura ya leo, pamoja na David Livingstone, alikuwa njiani kurudi pwani. Mwishoni mwa Aprili alipita Simbamwenni, mji ulio katika eneo la Morogoro ya sasa, akakuta mafuriko yameubomoa ukuta wake wa mbele na kusomba nyumba zipatazo 50. Watu wa vijiji vya milima ya Uluguru walikuwa wakihesabu wafu wao.

Januari 1873, wakati Barghash bado akikusanya mabaki ya mali yake, mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, aliwasili akitaka biashara ya watumwa ipigwe marufuku. Sultani alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kimbunga kimewafilisi watu wake, na kwamba kuwaondolea watumwa wakati ule ni kuwamaliza. Kwa wenye mashamba hoja hiyo ilikuwa na uzito. Kwa wale waliokuwa wakishushwa majahazini wakiwa wamefungwa minyororo, haikuwa na uzito wowote. Waingereza walitishia kuizingira Zanzibar kwa manowari, na Sultani hakuwa tena na meli za kuwajibu. Tarehe 5 Juni 1873 aliutia saini mkataba mbele ya John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, na soko la watumwa la mjini likafungwa.

Hata hivyo, upepo uliomlazimisha Sultani ulikuwa pia umeipa biashara hiyo haramu mteja mpya. Karafuu za Unguja zilipopotea, bei ilipanda, na wenye mashamba wa Pemba wakapanda mikarafuu kwa pupa. Waliohitajika kuichuma walivushwa usiku kwa siri. Mwaka 1876 Barghash alitoa amri za kupiga marufuku pia misafara ya watumwa ya nchi kavu, na utekelezaji wake ulichukua miaka mingi.

Sehemu iliyobaki ya utawala wake ilikuwa ya ujenzi. Mwaka 1875 alizuru London. Mwaka 1878 alipata meli mpya, Glasgow, iliyoundwa Uskoti kuchukua nafasi ya zile zilizopotea. Mwaka 1879 waya wa simu uliopita chini ya bahari ukaiunganisha Zanzibar na Aden, miaka 7 baada ya kimbunga. Alileta maji safi mjini kwa mabomba kutoka Chemchem, akaanzisha mtambo wa uchapaji, na mwaka 1883 akamaliza Beit al-Ajaib. Lakini waya hauzuii manowari. Agosti 1885 meli za kivita za Ujerumani zilijipanga mbele ya kasri lake, na mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zikaafikiana kumwachia ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Alifariki Machi 1888.

Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Burundi, enzi hiyo si hadithi ya mbali. Lugha yao ilifika ziwani Tanganyika na misafara ya pwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 bendera ya Barghash ilipepea Ujiji. Mfanyabiashara Rumaliza alipojaribu kuingia Burundi kwa nguvu, majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia, na vilima vya ndani, Bugendana na Gitega nzima, havikugeuzwa uwanja wa kuwindia watumwa.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoelekea Mafia, satelaiti zilikifuatilia kwa siku kadhaa, na vivuko kati ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa kabla upepo haujafika. Dhoruba za mvua ya mawe za milimani ni ndogo kuliko hizo, huzaliwa na kufa ndani ya saa chache, na ni vigumu zaidi kuzitabiri. Huko Bugendana, mkulima wa maharage bado huitambua kwa weusi wa wingu juu ya kilima cha jirani, na muda alio nao unakaribia kuwa ule ule waliokuwa nao manahodha wa Unguja mwaka 1872.