Soichiro Honda: Alianza na baiskeli ya kufunga injini
Bodaboda nyingi za Kichina zinazohimili milima kama ya Ibaba, Songwe, zina injini iliyoigwa ya Honda. Ila Soichiro Honda mwenyewe alianza na baiskeli.

Alizaliwa Japani 1906, mtoto wa mhunzi. Akiwa na miaka 15 akaenda Tokyo kujifunza ufundi gereji.

Baada ya vita, usafiri ulikuwa wa shida. Mwaka 1946 akachukua injini ndogo za jenereta za redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Tangi la kwanza la mafuta? Chombo cha maji moto cha kupashia kitanda.

Watu wakazigombania mpaka injini zikaisha. Angeweza kuishia hapo. Akaunda injini yake mwenyewe, na 1948 akafungua kampuni.

Mwaka 1951 akatoa pikipiki ya stroki nne. Alifariki 1991, akiwa na miaka 84.