Tom Mboya alianza uchumi kwa posta

Jioni Marafa, jua likishuka na kuta za Nyari zikigeuka nyekundu, ndiyo saa watalii wanaingia kutoka Malindi. Na ndiyo saa hiyo hiyo umejipangia ufungue simu usome somo la kwanza la mikroekonomia, ule uchumi wa bei, mshahara, duka na mfuko wa mtu mmoja mmoja. Ukiwateremsha wageni bondeni, unarudi na pesa ya leo. Ukisoma, pesa hiyo huipati. Basi hata kama kozi ni ya bure na bando umeshanunua, umelipa. Kile ulichokiacha ndicho gharama, na karibu kila kozi ya uchumi inaanzia hapo.

Tom Mboya aliilipa gharama hiyo kabla intaneti haijawazwa na mtu yeyote.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge la Mzungu ambako babake alikuwa mnyapara. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Alipita shule za misheni mpaka Mang'u, na hapo karo ikakata. Mwaka wa 1948 akaenda Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya. Hakuwa na ndoto ya kupima maziwa maishani, lakini ndiyo njia iliyobaki wazi.

Mwaka wa 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Mkaguzi Mwafrika alilipwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Siku moja mama mmoja wa Kizungu aliingia na maziwa ya kupimwa, akamwona Mboya amesimama pale, kisha akauliza kama kuna mtu humo ndani. Kisa hicho Mboya hakukisahau, alikisimulia hadi uzeeni. Uzeeni nasema tu, hakuufikia, utaona.

Akiwa na kazi hiyo ndipo alipojiandikisha kozi ya uchumi katika Efficiency Correspondence College ya Afrika Kusini. Masomo yanakuja kwa posta, majibu yanarudi kwa posta. Hakuna video ya kurudisha nyuma, hakuna wa kumuuliza usiku ukikwama kwenye mchoro wa ugavi na mahitaji. Tena hiyo ni Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi! Na wakati huo huo alikuwa anajenga chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, nchi ikiwa kwenye hali ya hatari kuanzia Oktoba 1952. Mwaka wa 1953, akiwa na miaka 23, alikuwa tayari katibu mkuu wa muungano wa vyama vya wafanyakazi Kenya.

Kwa nini uchumi, si sheria? Mimi naona ni kwa sababu ya meza. Mwajiri anaketi upande ule na hesabu zake. Wewe ukija na hasira peke yake, unarudi nayo nyumbani.

Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Hebu waza kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza: mshahara ni bei ya kazi, na bei hupangwa pale wauzaji na wanunuzi wanapokutana. Lakini bandarini wauzaji wa kazi ni maelfu na wanunuzi ni kampuni chache tu. Ni kama mkulima wa mananasi wa Magarini anapokuta lori moja barabarani na matunda yameshaiva: bei anaitaja mwenye lori. Wakulima wakiuza kwa pamoja, mazungumzo yanabadilika. Mboya alishuka Pwani, akawashawishi makuli warudi kazini na suala liende kwa msuluhishi, akalitetea huko kwa hoja. Wakapata nyongeza kubwa. Sifa zake zikaenea Kenya nzima.

Mwaka huo huo akapata ufadhili wa kwenda Ruskin College, Oxford, akasoma siasa na uchumi, sasa akiwa na walimu mbele yake. Alirudi 1956, akaingia Bunge la kikoloni 1957, na 1959 akasaidia ndege ya kwanza kuwapeleka wanafunzi 81 Marekani. Mengine unayajua.

Baada ya uhuru alipewa Wizara ya Mipango na Maendeleo ya Uchumi, na ndiye mtu mkuu nyuma ya waraka wa serikali nambari 10 wa 1965 kuhusu usoshalisti wa Kiafrika. Waraka huo ulibishaniwa sana, hata na mwanauchumi Barack Obama, babake rais yule wa Marekani.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Mboya alitoka kwenye duka la dawa katikati ya Nairobi akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Barabara ile leo inaitwa Moi Avenue, na sanamu yake imesimama hapo karibu.